Najenga Luchelele, Mwanza: AC moja ya nyumba nzima au ya chumba kwa chumba? Ushauri kabla sijapiga dari

Mjenzi wa Luchelele

Wakuu, habari za jioni.

Nimefikia hatua ya kupaua. Nyumba ni ya chini: vyumba vitatu vya kulala, kimoja masta, sebule na dining zimeungana, jiko, stoo na chumba kidogo cha kusomea. Kiwanja kiko Luchelele kwenye mteremko na sebule inatazama ziwa. Kwa kweli ziwa ndilo lililonifanya ninunue huku. Mchoraji ameniwekea kioo cha upana wa mita 5 na kimo cha mita 2.4, kuanzia sakafuni.

Mkandarasi wa AC aliyetoka Dar amenipa makadirio ya mashine moja ya BTU 60,000 (BTU ndicho kipimo cha nguvu ya ubaridi), inafichwa juu ya dari, mifereji ya hewa inakwenda kila chumba, na kidhibiti kimoja cha joto kinakaa ukutani kwenye korido. Kazi nzima milioni 19 na ushee. Mke wangu ameipenda sana kwa sababu hakuna kitu kinachoning'inia ukutani. Mimi nafikiria LUKU, na umeme niliovuta ni wa fezi moja.

Naomba kwa waliojenga upande huu wanisaidie mambo mawili. Je, Mwanza tunahitaji baridi ya nyumba nzima? Na kama hatuhitaji, niandae nini sasa kwenye kuta na dari ili nisije nikabomoa baadaye?

Kijana wa Pasiansi

Mkuu, mimi nimezaliwa na kukulia Pasiansi, AC naiona benki. Wavu mzuri madirishani, pangaboi kila chumba, maisha yanaenda. Hiyo milioni 19 piga uzio.

Mama wa Isamilo

Pangaboi linatosha kwa anayeweza kufungua dirisha usiku. Sisi wengine tuna watoto wadogo, mbu wengi, na baa jirani inayopiga muziki mpaka alfajiri. Ukishafunga dirisha, hilo pangaboi linazungusha joto lile lile. Kaka, usikubali kuambiwa huhitaji kabla hujalala kwenye nyumba yako. Nafuatilia uzi huu, nami nina swali langu nitalileta.

Fundi Baridi Nyegezi

Mkuu hongera kwa kufika kupaua, na umeuliza wakati mzuri. Wengi hutuita rangi ikiwa imeshakauka.

Kazi yangu ni majokofu na AC hapa hapa Mwanza, na nyumba nyingi ninazozihudumia ziko Nyegezi, Malimbe na huko huko Luchelele. Nitaandika kwa urefu kidogo.

Makadirio uliyopewa ni ya hali ya hewa ya Dar. Ziwa letu lenyewe liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na nyumba zetu ziko juu zaidi ya hapo. Mchana joto la Mwanza linacheza nyuzi 27 hadi 30, na usiku linashuka mpaka 16 hadi 19. Mtu wa Dar mwezi wa pili, saa nane za usiku, nje kwake bado kuna nyuzi 25 na unyevu wa bahari juu yake. Yeye anapambana na joto la nje. Wewe utapambana na joto lililoingia ndani mchana likakaa kwenye bati, kwenye tofali na kwenye dari, wakati nje ya dirisha lako kumeshapoa tangu saa tatu usiku. Haya ni matatizo mawili tofauti, na dawa zake hazifanani.

Sasa njoo kwenye kioo chako. Ghuba ya Mwanza iko magharibi mwa jiji. Anayejenga Luchelele akataka kuliona ziwa, anafungua nyumba yake kwa jua la jioni. Tena huku kwetu saa za nchi nzima zinafuata mashariki zaidi, kwa hiyo jua letu linafika utosini karibu saa saba mchana na linazama karibu saa moja kasoro. Saa kumi na moja jioni, wakati unarudi kutoka kazini, ndipo linapopiga ukuta wa magharibi kwa nguvu zote. Kila mita ya mraba ya kioo hapo inapokea kama wati 500 hadi 600, na kioo cha kawaida cheupe kinapitisha sehemu kubwa ya hizo. Una mita za mraba 12. Piga hesabu: ni zaidi ya kilowati 5 za joto zinazoingia sebuleni, sawa na karibu BTU 19,000 kwa saa. Hapo sijahesabu watu, televisheni, jiko wala bati. Kioo kimoja kinakula karibu theluthi ya mashine uliyouziwa.

Kwa hiyo pesa ya kwanza ya ubaridi isiende kwenye mashine, iende kwenye kivuli. Baraza yenye kina cha mita 2.5 mbele ya kioo hicho itakikinga karibu chote mpaka saa kumi. Baada ya hapo jua linakuwa chini mno na paa la baraza halisaidii tena, unahitaji kitu kilichosimama wima: milango ya mbao yenye mapengo inayoteleza, mapazia ya mianzi yanayoning'inia kwa nje, au miti. Nasisitiza kwa nje. Pazia la ndani linazuia macho ya watu, lakini joto likishapita kioo limeshaingia.

Na juu: umeshanunua bati? Kabla ya kulipiga, weka ile karatasi ya fedha inayoakisi joto juu ya kenchi, kisha juu ya dari tandika pamba ya kioo. Acha matundu ya hewa kwenye fisha bodi ili joto la darini litoke. Dari ya jipsamu iliyo wazi chini ya bati inakuwa inamwaga joto kitandani kwako mpaka usiku wa manane, na hilo ndilo watu wanaliita joto la Mwanza.

Nitarudi kwenye mashine yenyewe, niko kwenye kazi.

Mhandisi wa Capri Point

Nakubaliana na fundi kwenye kivuli, ila nataka upande wa pili usikike, kwa sababu kwenye nyuzi zetu AC ya mifereji inakataliwa haraka sana.

Nyumba yangu ni ghorofa, nimefunga mifereji, na ningefunga tena. Naishi na wazazi wazee, mama ana shinikizo la damu, na mchana kutwa kuna watu ndani. Hewa inashuka taratibu kutoka kwenye dari chumba kizima, hakuna upepo unaompiga mtu mzima kifuani kama ilivyo kwa AC ya ukutani. Kelele ni ndogo. Vichujio viko sehemu moja, nasafisha mwenyewe. Na urembo nao una thamani yake, asidharauliwe shemeji yetu kwa kutaka ukuta safi.

Ila nina mashine mbili, ya juu na ya chini, kila moja na kidhibiti chake. Hilo la mashine moja na kidhibiti cha korido ningelikataa.

Mhasibu Mkolani

Ngoja niweke hesabu mezani, maana watu wanaogopa LUKU bila kuipigia hesabu.

Bei ya T1, kundi la wateja wa kawaida wa TANESCO, ninayoifahamu ni shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1 inafika karibu 356. Mwenye nyumba anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi yuko kwenye D1 ya shilingi 100, na huyo akifunga AC ajue anaiaga hiyo D1. Wengi hawaliweki kwenye bajeti.

BTU 60,000 ni kilowati 17.6 za ubaridi. Mashine ya kawaida inayotoa kilowati 3 za ubaridi kwa kila kilowati ya umeme itavuta karibu kilowati 5.9. Tuseme unaiwasha saa sita kwa siku na kompresa inafanya kazi nusu ya muda huo: uniti 17.6, shilingi 6,270 hivi kwa siku, na kwa mwezi inakaribia 188,000.

Upande wa pili, AC mbili za inveta (zile ambazo kompresa inapunguza kasi badala ya kuwaka na kuzima) za BTU 9,000, chumba kikishapoa zinaweza kushuka mpaka wastani wa kilowati 0.4 kila moja. Saa nane za usiku, mashine zote mbili: uniti 6.4, shilingi 2,280. Ukiwasha kila usiku bila kukosa ni 68,000 kwa mwezi, na Mwanza hakuna anayewasha kila usiku. Juni na Julai utatafuta blanketi.

Kijana wa Pasiansi

Hiyo ya D1 sikuwa naijua, asante mhasibu.

Fundi Baridi Nyegezi

Nimerudi. Mhandisi amesema kweli tupu na namheshimu. AC ya mifereji ikifungwa vizuri ndiyo yenye starehe kuliko zote. Tatizo langu ni hii ya mashine moja kwa nyumba ya mjenzi wetu.

Wazo la mashine moja kwa nyumba nzima limekomaa Marekani, na kule lina sababu. Wana majira ya baridi kali, nyumba nyingi zina tanuri linalosukuma hewa ya moto vyumbani kupitia mifereji. AC inakuja kukaa juu ya mifereji ambayo ilikuwepo tayari na imeshalipiwa. Sisi huku hatuna baridi ya namna hiyo, kila mita ya mfereji unainunua kwa ajili ya ubaridi peke yake. Na mifereji yenyewe unaipitisha wapi? Chini ya bati, sehemu yenye joto kuliko zote nyumbani, ambayo saa nane mchana inazidi nyuzi 50. Kule kule Marekani, ENERGY STAR, mpango wa serikali yao wa kuokoa nishati, wanaeleza kwamba nyumba ya kawaida inapoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa ya mifereji kwa uvujaji na maungio mabaya. Hao ni watu wenye mafundi wa mifereji kila mtaa. Huku ongeza panya, mende na popo, wote wanapenda dari zetu.

Kisha kidhibiti kimoja. Kinapima joto la korido, ambako hakuna mtu anayekaa. Jioni sebule yako ya magharibi inaungua na vyumba vya mashariki vimeshapoa. Korido itasema kila kitu kiko sawa. Usiku unataka masta tu, inabidi uwashe nyumba nzima. Ni kukodi daladala nzima kumpeleka mtu mmoja Kisesa.

Utaambiwa funga matundu ya vyumba usivyotumia. Usifanye. Mashine ya ukubwa huo inahitaji hewa nyingi ipite kwenye koili yake (yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa), ukubwa wa tani moja, yaani BTU 12,000, unadai karibu futi za ujazo 400 kwa dakika, na wewe una tani tano. Ukiziba matundu, shinikizo linapanda kwenye mifereji, hewa inapungua, koili inaganda barafu, na gesi inarudi kwenye kompresa ikiwa bado kimiminika. Kompresa haikandamizi kimiminika. Hapo ndipo zinapokufa. Tena kwa mwinuko wetu hewa ni nyepesi kwa asilimia 12 au 13 kuliko ya pwani, kwa hiyo feni ile ile inabeba ubaridi pungufu. Anayechora mifereji kwa majedwali ya usawa wa bahari bila kurekebisha anaanza na upungufu.

Kuna na ubaya wa ukubwa wenyewe. Watu wanafikiri kubwa ni salama. AC inafanya kazi mbili, kushusha joto na kukamua unyevu, na unyevu unakamuliwa pale tu hewa inapopita kwenye koili baridi kwa muda. Mashine kubwa kuliko mzigo inapiga dakika tano, inafikia nyuzi ulizoweka, inazima. Chumba kinakuwa baridi na kina unyevunyevu, shuka zinakuwa na ubichi, hasa masika. Halafu kila kuwaka na kuzima kunavuta umeme mwingi wa kuanzia, na kwa fezi moja ya mtaani kwako taa zitakuwa zinafifia.

Mwombe mkandarasi karatasi moja tu: hesabu ya mzigo wa joto chumba kwa chumba. Eneo la kila chumba, madirisha yanatazama wapi, paa lina nini, watu wangapi. Akikupa, mfuate hata kama ni ghali. Akikuambia ameangalia ramani akaona tu, achana naye.

Mama wa Isamilo

Fundi, swali langu sasa. Mwanangu ana pumu. Jirani kaniambia AC ya nyumba nzima inaleta hewa safi kutoka nje, za ukutani zinarudisha uchafu. Ni kweli?

Fundi Baridi Nyegezi

Si kweli, mama. Zote mbili zinazungusha hewa ile ile ya ndani. Ya mifereji inaweza kuunganishwa bomba la kuingiza hewa ya nje, lakini hilo ni nyongeza inayochorwa na kulipiwa, haiji yenyewe. Ukinunua yoyote kati ya hizo, fungua madirisha asubuhi mapema nyumba ipumue.

Kwa mwenye pumu adui mkubwa ndani ya AC ni ukungu na vumbi. Kile kichujio cha wavu kwenye mashine ya ukutani unakitoa mwenyewe, unakiosha kwa maji, unakausha kivulini, kila wiki mbili msimu wa vumbi. Sinia la maji lisiposhuka vizuri linabaki na maji yaliyolala na ukungu unaota humo, ukiwasha tu unasikia harufu. Huduma kamili, koili na lile gurudumu la feni vioshwe, angalau mara mbili kwa mwaka. Hapa mifereji iliyofungwa vibaya ni mbaya zaidi kwa mtoto, maana vumbi la darini linanyonywa kwenye maungio na hakuna anayeweza kuingia kuosha. Kuhusu nyuzi na muda wa kuwasha, msikilize daktari wake wa Bugando au popote anapotibiwa. Wengi wanavumilia nyuzi 25 au 26 vizuri kuliko 18.

Mvuvi wa Ukerewe

Sisi wa visiwani tunaulizia sola. AC ya inveta inakwenda?

Fundi Baridi Nyegezi

Inakwenda, na inveta ndiyo inayofaa kwa sababu inaanza taratibu, haipigi ule mshtuko wa umeme wa AC za zamani. BTU 9,000 mchana jua likiwaka ni kazi rahisi kwa paneli za kutosha. Usiku ndipo betri zinapokugharimu. Visiwani kwenye upepo wa ziwa ningeanza na madirisha mapana yenye wavu upande wa ziwa na upande wa pili, mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Nyumba ikipitisha huo upepo, betri utazihitaji kwa jokofu la samaki.

Mhandisi wa Capri Point

Naongezea jambo moja la hapa kwetu ambalo makandarasi wa pwani hawalijui. Niliuziwa mashine ya nje yenye rangi maalumu ya kuzuia kutu ya bahari, kwa bei ya juu. Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi. Hiyo pesa ingekwenda kwenye kinga ya radi.

Fundi Baridi Nyegezi

Umesema neno kubwa, mhandisi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na bodi za inveta zinaungua kirahisi. Kinga ya radi kwenye meni swichi, ethi iliyopimwa siyo ya kuchomeka nondo tu ardhini, na kile kifaa kinachosubiri dakika tatu hadi tano umeme ukirudi kabla ya kuuruhusu uingie kwenye AC.

Kinachotusumbua sisi badala ya chumvi ni wadudu wa ziwani. Wale wanaopanda kwa makundi mazito mpaka upeo wa ziwa hauonekani, usiku wanafuata taa, asubuhi wamelala chini kwa ndoo. Taa ya nje ikiwa juu ya mashine ya nje, mapezi yote ya koili yanazibwa. Mashine inashindwa kutoa joto, inavuta umeme mwingi, inazima. Kwa hiyo mjenzi, mashine ya nje ikae mbali na taa, isitazame ziwa moja kwa moja, na iwe sehemu ambayo mtu anafika na bomba la maji kuiosha. Na kwa kuwa uko mteremkoni, usiibanike kwenye pengo la mawe. Miamba yetu inashika joto la jua mpaka usiku, na mashine iliyobanwa hapo inavuta tena hewa yake yenyewe ya moto.

Kijana wa Pasiansi

Kuna rafiki yangu ameletewa AC mtumba kutoka nje, bei ya kutupa, BTU 24,000. Afunge?

Fundi Baridi Nyegezi

Asome kibandiko cha gesi kwanza. Ikiwa R22, aiache. Hiyo inaharibu tabaka la ozoni na chini ya Itifaki ya Montreal nchi zetu zinaiondoa kwa hatua: mwaka 2025 upunguzaji umefika asilimia 67.5, na mwaka 2030 inabaki kiasi kidogo sana cha matengenezo. Atakuwa na mashine ambayo gesi yake inapanda bei kila mwaka.

Kwa mashine mpya utakutana na gesi za R410A na R32. Mimi napendekeza R32: inatumika kidogo, inasafirisha joto vizuri, na mchango wake kwenye kupasha dunia joto ni karibu theluthi moja ya ule wa R410A. Ila inaweza kushika moto kwa kiasi, kwa hiyo fundi asiyekuwa na pampu ya vakyumu asiiguse. Bado wapo wanaofukuza hewa kwenye mabomba kwa kuachia gesi kidogo. Hilo linaacha unyevu ndani, unaokula kompresa polepole mpaka ndani ya miaka michache imekwisha, na lawama anapewa aliyetengeneza mashine. Anayekuja kwako mwombe afungue begi lake uone pampu, geji na naitrojeni ya kupima uvujaji. Fundi mwenye vifaa hakasiriki kuulizwa.

Mjenzi wa Luchelele

Wakuu, nimesoma yote, nimesoma na mke wangu. Nimemwomba mkandarasi ile hesabu ya chumba kwa chumba, akasema uzoefu wake unatosha. Nimeshukuru, nimeachana naye.

Mke wangu bado hataki kuona mashine sebuleni, na mimi sitaki kuondoa kioo. Tumekubaliana baraza iongezwe mpaka mita 2.5 na milango ya mbao yenye mapengo iwekwe mbele. Vile vifaa vya VRF ambavyo mashine moja ya nje inalisha vyumba vingi, kila chumba na rimoti yake, vinanifaa? Na kama havinifai, nifanyeje ili mama afiche mashine na mimi niweze kulala na LUKU?

Fundi Baridi Nyegezi

VRF ni kitu kizuri sana, Wajapani wa Daikin walianza kuiuza mwaka 1982 na mahoteli yanaihitaji. Kwa vyumba vitatu ni kubwa kuliko shida yako. Mtandao wake wa mabomba una maungio mengi, ukivuja kokote nyumba nzima imezima, na bodi zake unazisubiri kutoka mbali. Hata ile ndogo ya mashine moja ya nje na nne za ndani ina udhaifu huo huo: ya nje ikifa, zote zimekufa.

Ningekuwa mimi kwenye ramani yako ningefanya hivi. Sebule na dining, ambako mama anataka ukuta safi, weka mashine nyembamba ya kufichwa ya inveta, BTU 24,000, yenye mifereji mifupi ya mita mbili tatu tu na kidhibiti chake humo humo sebuleni. Baada ya baraza na milango itakutosha. Masta weka ya ukutani ya BTU 9,000, ikiwa chumba hakizidi mita 4 kwa 4 na juu ya dari umetandika pamba. Vyumba vingine usinunue kitu. Weka pangaboi, weka wavu, andaa njia, uishi mwaka mzima ndipo uamue. Mzigo wote huo fezi moja inaubeba bila shida.

Maandalizi yenyewe, mwambie fundi wako kabla ya plasta. Kila chumba kipite bomba la PVC la inchi 3 ukutani, likiinamia nje, sehemu ya juu ambapo mashine itakaa, lizibwe vifuniko pande zote mbili popo wasiingie. Kila AC iwe na waya wake kutoka kwenye meni swichi na breka yake: milimita 2.5 kwa zile ndogo, milimita 4 kwa ya sebule. Maji ya AC yapate bomba lake, mteremko usiopungua sentimita moja kwa kila mita, lishuke bustanini. Usiliunganishe na bomba la choo, harufu itapanda mpaka sebuleni. Mabomba ya shaba yasifukiwe kwenye plasta bila sponji, yatatoa jasho na rangi itavimba.

Sebuleni mwambie fundi jipsamu ashushe bokisi la sentimita 35 upande wa korido, na aache mlango wa kukagulia wa sentimita 60 kwa 60 chini ya mashine. Huo mlango mafundi jipsamu hawaupendi kwa sababu unaharibu mchoro wao. Usikubali aufunge.

Mjenzi wa Luchelele

Nimeelewa mkuu, Mungu akubariki. La mwisho: kenchi zimeshasimama na papi, zile mbao za kupigilia bati, zinapigwa kesho asubuhi. Ile karatasi ya fedha inakaa juu ya papi au chini yake?

Fundi Baridi Nyegezi

Chini ya papi, juu ya kenchi. Mwambie asubiri, aitandaze kwanza kisha papi zije juu yake, ili kati ya karatasi na bati libaki pengo la hewa. Upande unaong'aa utazame chini darini, ukitazama juu vumbi litaufunika. Anza kutandaza chini kwenye fisha bodi ukipanda kileleni, kila kipande kikilalia cha chini yake sentimita 15, maji yakipita kwenye bati yateremke nje. Na usiivute ikakaza sana, itachanika jua likiipiga kabla bati halijafika. Bati liwe saiti kabla hujaanza.